Ng'ombe Watano wa Tucows: Nani Anaikagua Programu Kabla Haijaingia Kwenye Kompyuta Yako?

Kama umewahi kupita Tunduma, picha unayo: malori yamejipanga kuelekea Nakonde, vijana wanabadilisha kwacha, na kila baada ya hatua chache kuna steshenari yenye kompyuta mbili tatu, mashine ya kopi na karatasi ukutani iliyoandikwa "Tunaweka programu". Moja ya steshenari hizo ni ya dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Likizo iliyopita aliniita kabla hata sijashusha begi.

"Mdogo wangu, si wewe ndiye msomi wa kompyuta? Njoo uione hii mashine."

Nikakaa. Kila nikifungua brauza, ukurasa wa kwanza ni wa kubeti. Nikifunga, unafunguka mwingine. Juu kuna utepe wa kutafutia vitu ambao hakuna mtu aliyeuomba. Mashine nzito, mpaka kuprinti karatasi moja ni kusubiri. Siku hiyo alishawakimbiza wateja wawili, mmoja wakala wa forodha mwenye nyaraka za lori lililokuwa linasubiri kuvuka. Nikamuuliza kwa sauti ya kitaalamu kabisa: nani amekuwekea takataka hizi?

"Si wewe? Ulipokuja Pasaka ukawa unageuza PDF za tasnifu yako."

Nilikaa kimya. Ni kweli. Nilikuwa nimetafuta programu ya kugeuza PDF, nikaingia kwenye tovuti moja ya kupakua programu, nikabofya kitufe kikubwa cha kijani, kisha "endelea, endelea, endelea". Mtu mwenye shahada ya uzamili.

Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nichimbe historia ya tovuti hizi. Katika kuchimba nilikutana na kampuni ambayo wapenzi wa kompyuta huizungumzia kama shujaa: Tucows. Leo nataka tuipime hiyo sifa. Kwa maoni yangu Tucows inastahili heshima, lakini siyo kwa sababu inayotajwa mara nyingi, na siyo kwa kiwango kinachotajwa.

Mji wa magari, jina la ng'ombe

Tucows ilianzishwa mwaka 1993 na Scott Swedorski huko Flint, jimbo la Michigan, Marekani. Flint siyo mji wa kompyuta. Ni mji wa viwanda vya magari; General Motors ilianzishwa hapo mwaka 1908. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mambo ya intaneti yalianzia California tu, mkumbushe Flint.

Jina lenyewe ni ufupisho wa The Ultimate Collection Of Winsock Software. Ukilitamka kwa Kiingereza linasikika kama "ng'ombe wawili", na kampuni ikalipokea hivyohivyo: nembo ikawa ng'ombe, na programu zikapewa alama kwa ng'ombe badala ya nyota. Programu nzuri kabisa ilipata ng'ombe watano. Huku kwetu Mbozi na Momba, ambako ng'ombe ni mali inayohesabiwa, kipimo hicho kingeeleweka bila mkalimani.

Winsock ni nini? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Windows 3.1 haikuja na uwezo wa kuzungumza lugha ya intaneti, ile inayoitwa TCP/IP. Ilibidi uongeze programu ya katikati, mkalimani kati ya Windows na laini ya simu. Iliyojulikana sana iliitwa Trumpet Winsock, iliyoandikwa na Peter Tattam wa Tasmania, Australia. Watu wengi waliitumia bila kumlipa chochote, ingawa ilitakiwa ilipiwe. Ukishakuwa na mkalimani huyo, ulihitaji tena programu ya barua pepe, ya kuvinjari, ya kuhamisha faili. Zilikuwa zimetawanyika kwenye seva za vyuo na za watu binafsi. Kazi ya Tucows ilikuwa kuzikusanya, kuzijaribu, kuzipa ng'ombe, na kuziweka mahali pamoja.

Zingatia neno "kuzijaribu". Kulikuwa na binadamu katikati, anayeisakinisha programu kwanza kwenye mashine yake kabla haijafika kwako. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa la kampuni hii, na ndilo linalosahaulika.

Hesabu ya dakika 12

Kwa nini mtu aamini tovuti ya katikati badala ya kwenda kwa mwandishi mwenyewe? Sababu ya kwanza ni kasi. Tufanye hesabu kidogo, haiumi.

Modemu ya simu ya zama hizo, ile bora kabisa, ilikuwa na kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde. Programu ya megabaiti 5 ni megabiti 40, yaani kilobiti 40,000. Gawanya kwa 56: sekunde 714, karibu dakika 12. Hapo tumedhani laini haikatiki na seva ya upande wa pili haijalemewa. Ikikatika dakika ya 11, mara nyingi ulianza upya.

Tucows ilitatua hili kwa seva vioo. Nakala ya mkusanyo wote iliwekwa kwa watoa huduma za intaneti katika nchi mbalimbali, nawe ukapakua kutoka kwenye kioo kilicho karibu. Kwa sisi huku tofauti ingekuwa kubwa zaidi. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti yetu ya kimataifa ilitegemea setilaiti. Setilaiti ya mawasiliano ya aina hiyo iko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi linapanda na kushuka, kilomita 72,000. Jibu linapanda na kushuka, 72,000 nyingine. Mawimbi yanaenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo ni karibu nusu sekunde kabla seva haijakujibu hata "karibu". Na njia yenyewe nyembamba na ghali.

Kwa hiyo tovuti za kupakua hazikuanza kama ujanja. Zilijibu tatizo halisi. Ukiwalaumu waanzilishi wake bila kukumbuka hizo dakika 12, unakuwa hujawatendea haki.

Kitufe cha kijani kinamlipa nani?

Tatizo lilikuja pale sababu ya kwanza ilipokufa. Intaneti ikawa na kasi, Google ikampeleka mtu moja kwa moja kwa mwandishi wa programu, na mtu wa katikati akabaki na wageni wengi lakini hana cha kuwauzia. Akaamua kuwauza wao.

Biashara hiyo inaitwa malipo kwa kila usakinishaji. Mwenye utepe wa brauza au programu ya matangazo anamlipa mwenye tovuti kila inaposakinishwa kwenye kompyuta mpya. Mwenye tovuti anachukua programu unayoitaka, anaifunga ndani ya kifurushi chake, na kwenye kifurushi anaweka visanduku vilivyokwishawekewa tiki. Wewe mwenye haraka unabofya "endelea". Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na watafiti wa Google na wenzao wa vyuoni ulionyesha kuwa malipo yalikuwa kati ya senti 10 za dola na dola 1.50 kwa usakinishaji mmoja. Ulionyesha pia kuwa mfumo wa Google wa kuwalinda watumiaji ulikuwa unatoa maonyo zaidi ya milioni 60 kwa wiki kuhusu programu zisizotakiwa, mara tatu ya maonyo ya virusi vya kawaida.

Majina makubwa yaliingia humo. Download.com ya CNET, iliyozinduliwa mwaka 1996, ilianza kutumia kifurushi chake mwaka 2011. Desemba ya mwaka huo mwandishi wa Nmap, programu huria ya kuchunguza mitandao, aligundua kazi yake inatolewa ikiwa imefungwa pamoja na utepe, akapiga kelele hadharani. CNET ikaomba radhi na kukiri kuwa ni kosa. Lakini Januari 2015 waandishi wa How-To Geek walisakinisha programu kumi zilizoongoza kwa kupakuliwa kwenye tovuti hiyohiyo, na kompyuta yao ya majaribio ikageuka jalala. Softonic ya Barcelona, iliyoanza mwaka 1997, nayo ilikuwa na kipakuzi chake chenye ofa za ziada. SourceForge, iliyozaliwa mwaka 1999 kama nyumba ya programu huria, iliingia mwaka 2013. Watengenezaji wa GIMP, programu ya kuhariri picha, wakahama mwaka huohuo. Mwaka 2015 ikagundulika kuwa akaunti yao waliyoiacha imechukuliwa na kutumika kutoa GIMP yenye matangazo. Wamiliki wapya walioinunua SourceForge mwaka 2016 waliufuta mpango huo.

Unaona mwenendo? Hakuna aliyeanza kama tapeli. Wote walianza na imani ya watu, kisha wakaikata vipandevipande na kuiuza kwa senti.

Heshima kwa Tucows, ila tusizidishe

Sasa turudi kwa ng'ombe wetu. Mwaka 2016, mwaka uleule Mkoa wa Songwe ulipozaliwa kutoka Mbeya, Tucows ilitangaza kuwa inaondoa matangazo kwenye sehemu yake ya kupakua: hakuna tepe, hakuna madirisha ya kurukaruka, hakuna vitufe vya uongo. Mwanzoni mwa 2021 ikaifunga kabisa sehemu hiyo, na mkusanyo mkubwa wa programu zake umehifadhiwa kwenye Internet Archive. Ndiyo maana inasifiwa: wenzake walichafua, yeye akasafisha na kuondoka.

Nina hoja tatu dhidi ya hadithi hiyo ilivyozoeleka.

Ya kwanza: Tucows ilikuwa na uwezo wa kuwa mwema. Kampuni ilikuwa imehamia mikononi mwa Wakanada, makao yake Toronto. Soko la kusajili majina ya tovuti lilipofunguliwa kwa ushindani mwaka 1999, iliingia humo kupitia huduma yake ya OpenSRS na kukua kuwa miongoni mwa wasajili wakubwa duniani. Mwaka 2012 ikaongeza huduma ya simu iitwayo Ting. Kufikia 2016 programu za kupakua hazikuwa tena unga wa ugali wake. Mtu mwenye mashamba matatu akiacha kulima bangi kwenye moja, tumpongeze, lakini tusimlinganishe na mwenye shamba moja tu.

Ya pili: muda. Kelele za Nmap zilikuwa 2011. Matangazo na madirisha hayo yaliondolewa 2016, maana yake kabla ya hapo yalikuwapo. Kufanya usafi ni vizuri, ila tuulize pia uchafu ulikaa miaka mingapi.

Ya tatu ndiyo ya kisayansi, na ndiyo inayonigusa zaidi. Ng'ombe watano walijibu swali "je, programu hii ni nzuri?" Hawakujibu swali "je, faili hili ndilo lilelile alilotengeneza mwandishi?" Haya ni maswali mawili tofauti kabisa. GIMP ni programu nzuri, ningeipa ng'ombe watano bila kusita. Lakini faili la GIMP lililotoka SourceForge mwaka 2015 halikuwa lile la mwandishi. Sifa ya programu ilitumika kama ngozi ya kondoo. Kadiri ng'ombe wanavyokuwa wengi, ndivyo faida ya kuichezea inavyokuwa kubwa.

Kwa hiyo nikitoa hukumu yangu: heshima ya Tucows naiweka kwenye miaka ya mwanzo, pale binadamu alipokuwa anajaribu programu kwa niaba ya wengine, na siyo kwenye kufunga duka. Kufunga duka kulikuwa uamuzi wa heshima wa kampuni iliyokwishapata biashara nyingine. Lakini kulituacha na pengo: ule ukaguzi wa mtu anayejulikana, sasa anaufanya nani?

Kioo cha Tunduma

Huku kwetu jibu ni fundi. Utasema tuna Play Store. Sawa, kwa simu janja inasaidia, ingawa programu nyingi bado zinarushwa mkononi kutoka simu hadi simu ili kuokoa bando. Kwenye kompyuta za steshenari hali ni wazi zaidi: kuna flashi moja ya fundi, ina kila kitu, na inazunguka kutoka meza hadi meza. Flashi hiyo ni seva kioo kama zile za Tucows, ila inatembea kwa miguu. Ipo kwa sababu ileile ya dakika 12: kupakua mara moja na kugawa mara hamsini ni nafuu kuliko kila mtu kuchoma bando lake. Simlaumu fundi kwa hilo. Anafanya kazi ambayo jamii inaihitaji.

Ila flashi hiyo ina ubora bila uhalisi. Fundi anajua programu ipi inafaa. Hajui kama faili alilonalo ndilo la mwandishi, kwa sababu na yeye alilipata kwa mwingine. Na mimi msomi, kama nilivyokiri, niliongeza la kwangu bovu.

Uhalisi unaweza kupimwa, na kipimo ni cha bure. Kinaitwa SHA-256. Ni kanuni ya hesabu inayosoma faili zima, liwe la kilobaiti moja au gigabaiti mbili, na kutoa alama 64, mchanganyiko wa tarakimu na herufi a hadi f. Ukibadilisha hata biti moja ndani ya faili, takriban nusu ya biti 256 za jibu zinabadilika, na alama zinakuwa tofauti kabisa. Majibu yanayowezekana ni mengi kiasi kwamba idadi yake ina tarakimu 78. Hakuna anayejua njia ya kutengeneza faili jingine litakalotoa alama zilezile. Ifikirie kama lakiri ya forodha kwenye kontena: namba ya lakiri mpakani isipolingana na iliyo kwenye nyaraka, hatuhitaji kufungua kontena ili kujua kuna maswali.

Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux ni sha256sum na jina la faili. Linganisha na alama zilizo kwenye tovuti ya mwandishi. VLC, GIMP na LibreOffice zote huziweka.

Tahadhari mbili, maana hapa ndipo watu hupotea. Kwanza, alama zichukuliwe kwa mwandishi, siyo kwa aliyekupa faili. Aliyebadilisha faili anaweza kukupa na alama za faili lake alilobadilisha. Zitalingana vizuri sana na hazitakuambia kitu. Pili, ile sahihi ya kidijitali ambayo Windows hukuonyesha inakuambia nani ametia sahihi, haikuambii kama ni mtu mwema. Vile vifurushi vya matangazo vingeweza kuwa na sahihi halali kabisa ya mwenye kifurushi. Soma jina, usiangalie tiki tu.

Tulichofanya kwa dada

Tulifuta mashine yote, tukaanza upya. Tulipakua programu tisa anazozitumia kutoka kwa waandishi wenyewe, ikiwemo LibreOffice ambayo peke yake inazidi megabaiti 300. Bando liliuma, sitaficha. Pale ambapo mwandishi ameweka alama tulizilinganisha, tukaziandika kwenye faili moja la maandishi. Kila kitu kikaingia kwenye flashi ambayo haichomekwi kwenye mashine ya mteja. Kila anapoweka programu kwa mtu, anakopi kutoka kwenye kompyuta yake. Flashi inabaki droo.

Nilipomaliza kueleza mambo ya alama 64 akaniangalia. "Kwa hiyo kila wiki nilinganishe herufi hizi moja moja, na foleni ya wateja iko pale?"

Hiyo ndiyo hoja yake, na ni hoja nzuri. Nikamwambia alinganishe nane za mwanzo na nane za mwisho. Siyo ukaguzi kamili, lakini kwa faili lililobadilishwa ili kubandikwa matangazo inatosha kulishika. Akakubali kwa sharti moja: mimi nisiguse mashine yake tena bila yeye kuwepo.

Kwa hiyo nakuuliza wewe unayesoma, hasa kama ndiye unayeitwa "mtaalamu" kila ukirudi nyumbani: flashi yako ina mafaili mangapi ambayo ungeweza kusema yametoka wapi? Chagua moja unalowawekea watu mara nyingi. Tafuta tovuti ya mwandishi, chukua alama zake, endesha ile amri. Itakuchukua chini ya dakika 12.